Kwanza Mnara, Kisha Kambi

Watu wengi wakitoka Dar es Salaam kwenda Kigoma hupita Dodoma, Singida na Tabora. Sisi, Julai 2024, tulizunguka kusini: Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, kisha tukafuata ukanda wa magharibi hadi Sumbawanga, Mpanda na Uvinza. Njia hii ni ndefu zaidi, ila kila mtu alikuwa na lake. Mama mkwe alitaka kupumzika Mbeya kwa mdogo wake, watoto walikuwa wameahidiwa viboko wa Katavi, na harusi tuliyokuwa tunaiendea Kigoma ilikuwa bado mbali. Magari yalikuwa mawili. Land Cruiser letu lilikuwa na hema juu ya paa, na Hiace ya shemeji ilibeba wazee, watoto, masufuria na mizigo ya harusi.

Mimi ni mhasibu wa kujitegemea. Wateja wangu wana maduka na bohari Dar, na ritani ya VAT haingoji harusi ya mtu: mwisho wake ni tarehe 20 ya kila mwezi, na inajazwa kwenye mfumo wa TRA kwa intaneti. Kwa hiyo niliikubali safari kwa sharti moja, kwamba suala la mtandao niachiwe mimi, na kwamba kila mahali pa kulala tutapachagua kwa kuangalia mnara kwanza, ndipo tuulizie bei ya chumba au kivuli cha kupigia hema. Shemeji, aliyeendesha malori ya Lubumbashi miaka mingi kabla hajastaafu, aliniunga mkono papo hapo. Alisema madereva wa masafa hawachagui vituo kwa chakula peke yake.

Tulianza na kutafuta rauta Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Kijana wa duka alitufungulia programu ya kupima spidi, ikaonyesha namba kubwa ya kijani. "Dada, hii inakimbia balaa," akasema. Ilikuwa inakimbia kweli, lakini Kariakoo kila mtandao unakimbia. Spidi ya mjini haikuambii lolote kuhusu sehemu za njiani kama Laela au Namanyere. Mjini minara imesongamana na mingi inatumia mawimbi ya masafa ya juu, ambayo hubeba data nyingi ila hayafiki mbali. Ukishatoka mjini kinachokuokoa ni mawimbi ya chini, ya megahezi 700 na 800, yanayosafiri umbali mkubwa na kupenya miti na kuta vizuri zaidi. Simu au rauta isiyoyajua mawimbi hayo itakuonyesha 4G Morogoro mjini, kisha itakutupa kwenye 2G kilomita chache mbele huku mwenzako aliye kando yako anaendelea kutuma picha.

Basi nilichouliza dukani ni kama rauta inashika bendi 28 na bendi 20, ambazo ndizo za mawimbi hayo. Rauta nyingi zilizotumika nje ya nchi zinakosa moja kati ya hizo, na nyingine zimefungwa kwa kampuni iliyomuuzia mwenyewe wa kwanza, hazikubali laini ya mwingine mpaka zifunguliwe. Tulipata iliyo huru, inayokula umeme wa volti 12, kwa hiyo iliungwa kwenye betri ya gari moja kwa moja bila inverta. Fundi akafunga antena juu ya keria, akakata kebo yake fupi kadiri ilivyowezekana, maana kila mita ya kebo inapunguza mawimbi kabla hayajafika kwenye rauta. Ukiniuliza mimi, katika vyote tulivyonunua, antena hiyo ndiyo iliyorudisha thamani ya pesa yake kuliko chochote. Mwili wa gari ni bati. Simu iliyolala kwenye droo ya mbele haipati kile inachokipata antena iliyosimama juu ya paa, mita mbili na zaidi kutoka ardhini, bila kizuizi.

Kisha laini. Hapa ndipo shemeji alipoanza kutufundisha. Kwa wakati ule tulikuwa na Vodacom, Airtel, Tigo ambayo baadaye mwaka huohuo ilibadili jina kuwa Yas, Halotel iliyoingia nchini mwaka 2015 chini ya Viettel ya Vietnam, na TTCL ya serikali. Mume wangu alitaka tuchukue mbili zenye vifurushi nafuu. Shemeji akauliza swali ambalo sijawahi kumsikia muuza laini akiliuliza: "Hizo mbili huko njiani zinakaa kwenye mnara mmoja au miwili?"

Wengi wetu tunadhani kila kampuni ina minara yake. Zamani ilikuwa hivyo kwa kiasi kikubwa. Lakini Helios Towers ilinunua minara ya Tigo, kisha mwaka 2013 ikanunua na ya Vodacom, na minara ya Airtel nayo ikauzwa miaka michache iliyopita kwa kampuni inayofanya kazi ya minara tu. Siku hizi unakuta nguzo moja ya chuma kijijini imebeba vifaa vya kampuni mbili au tatu. Kwa mwananchi ni jambo jema, kwa sababu gharama inagawanywa na mtandao unafika mapema. Kwa msafiri aliyebeba laini mbili akiamini ana akiba, si jema hata kidogo: jenereta ya mnara ikizimika au betri zake zikiisha, laini zote mbili zinanyamaza kwa pamoja. Kwa hiyo tulichagua kwa kuuliza madereva ambao shemeji bado anawasiliana nao, kituo kwa kituo, ni laini ipi inabaki pale nyingine inapozima. Tulikaa na karatasi na kalamu sebuleni, yeye akiwa na simu sikioni, mimi naandika. Karatasi ile ilinifaa kuliko ramani za kampuni zenye rangi nzuri, ambazo zinaonyesha mtandao unapofika lakini hazisemi unafanya nini saa mbili usiku.

Usajili ulimalizika Dar, na ninasisitiza hili kwa yeyote anayepanga safari. Laini ya Mtanzania inasajiliwa kwa namba ya NIDA na alama ya kidole, na mashine ya wakala yenyewe inahitaji mtandao ili ikutambue. Ukingoja uisajili mahali ambapo mtandao ni shida, shida hiyohiyo ndiyo itakayokuzuia kuisajili.

Tulitoka Dar alfajiri. Hadi Morogoro sikuwa na la kuandika. Watoto waliangalia katuni mpaka wakasinzia. Barabara inapokata Hifadhi ya Mikumi, kwa takribani kilomita 50, mtandao ulikuwa wa kuja na kuondoka, na hapo ndipo tulipoweka kanuni ya msafara. Gari likitangulia lisimame kwenye mnara, lisisimame porini. Pia tulikubaliana kwamba kati ya gari na gari tutatumia ujumbe mfupi wa kawaida, hata kama kundi letu la WhatsApp linafanya kazi. Ujumbe mfupi unapita kwenye 2G, unahitaji sekunde moja tu ya mtandao, na simu ya mpokeaji isiposhika, mtandao unauhifadhi na kujaribu tena baadaye. Ujumbe wa WhatsApp unahitaji data iwe hai, na njiani data ndiyo ya kwanza kufa.

Kanuni hiyo ilituokoa Kitonga. Kabla ya mlima tulisimama Ruaha Mbuyuni, penye vitunguu vilivyopangwa barabarani kwa magunia, na shemeji akasalimiana na dereva wa semi aliyekuwa anangoja injini ipoe. Alikuwa na simu tatu kwenye dashibodi, moja ya tochi. Nilimwuliza kwa nini tatu.

"Hii ndogo ni ya mke wangu na bosi," akasema akiinyanyua ile ya tochi. "Chaji inakaa wiki, na inashika hata bondeni. Hizi kubwa ni za mapicha. Dada, mlimani usitegemee mapicha."

Mlima Kitonga barabara inajikunja ukingoni mwa mwamba, malori yanapanda kwa mwendo wa mtu mzima anayetembea, na moja likiharibika kwenye kona foleni inaweza kukushika saa nyingi. Sisi tulipita, Hiace ikabaki nyuma ya lori lililokatika shafti. Upande wetu data ilikufa kabisa. Ujumbe wa shemeji ulitufikia tulipofika juu: "Tuko salama. Foleni. Nendeni Ilula mtungoje." Herufi chache, na moyo ukatulia. Tuliwangojea Ilula kwenye matenga ya nyanya, mnara uko mbele yetu.

Mbeya tulikaa kwa mdogo wa mama mkwe, na huko nilifanya kazi kama niko ofisini. Pembeni mwa barabara kuu, ukiangalia kwa makini, utaona nguzo fupi za zege zinazoonyesha mahali kebo ya mkongo wa mawasiliano ilipofukiwa. Mkongo wa Taifa, unaosimamiwa na TTCL, umefuata barabara kubwa hadi mipakani, na Tunduma unaungana na Zambia. Mji wowote ulio juu ya mkongo una nafasi ya kuwa na intaneti ya kasi, kwa sababu minara yake inaweza kumimina data ardhini mara moja. Jambo hili msafiri hana haja ya kulijua kwa undani, ila akilijua ataelewa kwa nini Makambako mtandao ulikuwa mwepesi na mbele ya safari ulikuwa mzito. Hata hivyo mkongo nao una mwisho wake baharini. Miezi miwili kabla ya safari yetu, tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilikatika chini ya Bahari ya Hindi, na nchi nzima ikayumba. Siku ile laini nyingi na antena nzuri zisingesaidia kitu. Tangu hapo kila kazi ya mteja naihifadhi kwenye kompyuta yangu kwanza, nikiipandisha mtandaoni baadaye.

Tunduma ilituamsha kwa namna yake. Tulilala kwenye nyumba ya wageni isiyo mbali na mpaka, na asubuhi simu yangu ikasema saa kumi na moja wakati ya mume wangu ikisema saa kumi na mbili. Usiku simu yangu ilikuwa imeacha mnara wa nyumbani, ikadaka wa Zambia uliokuwa na nguvu zaidi, na kwa kuwa saa ya Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, ikajirekebisha. Saa ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba simu iliyodaka mnara wa ng'ambo inatozwa kwa bei ya ng'ambo, na kifurushi chako cha nyumbani kinakaa bila kuguswa huku salio la kawaida likiyeyuka. Dawa yake nilikuwa nimeiweka tangu Vwawa: nilizima data ya ugenini kwenye simu zote na rauta, na kwenye rauta nikachagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia ijichagulie. Simu yangu ilihama mnara bila kula hata senti. Ukikaa miji ya mpakani kama Tunduma, Kasumulu au Rusumo, fanya hivyo kabla hujalala.

Pale mpakani, kwenye msururu wa malori usio na mwisho, tulikutana na wastaafu wawili, mume na mke kutoka Afrika Kusini, waliokuwa wanaendesha gari lao kwenda kaskazini. Walikuwa wanashusha sahani nyeupe ya Starlink kutoka juu ya paa na kuirudisha kwenye boksi lake. Zambia huduma hiyo ya intaneti ya setilaiti ilikuwa imefunguliwa Oktoba 2023, Malawi na Kenya tangu Julai mwaka huohuo, lakini kwetu ilikuwa bado haina leseni. Walinieleza jinsi walivyoitumia, nami nikawasikiliza kwa hamu maana hilo ndilo swali ambalo watu wengi wananiuliza. Porini kusiko na mnara, setilaiti haina mpinzani. Walikuwa wamezungumza na wajukuu wao kwa video wakiwa kando ya mto usio na kijiji karibu. Ila sahani ile inakula wati 50 hadi 75 muda wote inapowaka, na gari lao tayari lina friji, kwa hiyo walilazimika kuongeza betri na paneli ya sola. Tena inataka anga wazi, na wao kama sisi walipenda kulala chini ya miti. Kwa anayevuka nchi nyingi na kukaa wiki nzima mahali pamoja, naona ni uamuzi mzuri pale sheria inaporuhusu. Kwa familia inayokwenda harusini ndani ya Tanzania, laini mbili na antena zilitosha. Walinunua laini yao hapo mpakani, wakasajiliwa kwa pasipoti, na nilipowauliza watalala wapi kabla sijawashauri waipate ya kampuni gani, yule mama alicheka akasema nimekuwa mtu wa kwanza kuuliza hivyo.

Kutoka Tunduma barabara ya lami inapanda uwanda wa Ufipa, mashamba ya mahindi yaliyovunwa pande zote, upepo wa baridi. Tulilala Laela tarehe 18. Nilikuwa na ritani za kujaza. Mnara uko mita mia tatu hivi kutoka tulipopiga kambi, rauta inaonyesha vijiti vyote, lakini ukurasa wa TRA unazunguka na kuzunguka, haufunguki. Mume wangu alianza kuizima na kuiwasha rauta. Shida haikuwa kwetu. Vijiti vinakuambia jinsi unavyosikilizana na mnara. Havikuambii mnara unasikilizanaje na dunia. Mnara wa mbali na mkongo unapeleka data yake kwa mnara mwingine kwa njia ya anga, na huo kwa mwingine, hadi mahali penye kebo, na njia hiyo ni nyembamba kama bomba la nusu inchi linalohudumia mtaa mzima. Ilikuwa saa mbili usiku, siku ya mnada, na Laela yote ilikuwa imeketi na simu mkononi.

Nilijaribu njia ninayoipenda, ya kuilazimisha rauta ishuke hadi 3G. Mara nyingi watu wote wamejazana kwenye 4G na ile ya chini yake iko tupu. Ukurasa ulifunguka, nikaweza kuingia kwenye mfumo, lakini kupandisha majedwali ilikuwa kazi. Nikaacha, nikalala, nikaamka saa kumi alfajiri. Kijiji kimelala, baridi ya Ufipa inauma vidole, na mtandao uleule ulioshindwa kufungua ukurasa mmoja usiku ulipandisha majedwali ya wateja wangu, mmoja baada ya mwingine, kabla jogoo hajawika. Mama mkwe aliamka kuswali akanikuta nimejifunika blanketi mbele ya kompyuta. "Mwanangu, na wewe umeamka kuswali?" akaniuliza, kisha akaniletea chai ya tangawizi.

Alibaki mteja mmoja aliyechelewa kunitumia taarifa za mauzo. Zilinifikia tukiwa tumeshapita Sumbawanga, na mbele yetu kulikuwa na Katavi, ambako karatasi yangu ilisema nisitegemee kitu. Namanyere nikamwomba mume wangu asimame. Laini ya kwanza ilikuwa kwenye E, ya pili haina chochote. Nilimwendea mama mmoja wakala wa pesa aliyekuwa kwenye kibanda chake cha rangi tatu, nikamsalimu, nikanunua vocha, nikamweleza shida yangu. Hakuniambia habari za kampuni. Aliniuliza nataka kupiga simu au kutuma mafaili.

"Kutuma mafaili, mama."

"Basi hapa chini si pake. Panda mpaka kanisani, simama upande wa ukuta unaoangalia zahanati. Walimu wote wanatumia hapo kutuma matokeo. Na usitumie hiyo, tumia hii," akagusa laini ya pili mkononi mwangu, ile iliyokuwa haina chochote.

Tulipanda. Upande wa ukuta unaoangalia zahanati, laini ile iliamka ikiwa na 4G. Nilijaza ritani nikiwa nimeketi kwenye ngazi ya kanisa, kompyuta mapajani, mwalimu mmoja kando yangu akipandisha kitu chake bila kushangaa kuniona. Ilipokubaliwa na namba ya uthibitisho ikatokea, niliandika mahali pale kwenye karatasi yangu kwa maelezo kamili, ukuta na zahanati, kwa ajili ya mtu mwingine atakayenipigia siku moja akiwa Namanyere. Kibandani nilirudi kumshukuru yule mama. Watu hawa, mawakala, walimu, wauguzi wa zahanati na vijana wa bodaboda, wanaijua nchi hii ya mawimbi kona kwa kona, kwa sababu riziki yao inategemea kuijua. Na mara nyingi hatuwaulizi.

Sitalike, kijiji kilicho mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, simu zilishika. Viboko walikuwa wamerundikana kwenye Mto Katuma uliobaki tope na vidimbwi kwa sababu ya kiangazi, na watoto waliwaangalia mpaka shemeji akawaita kwa ukali. Tulipoingia ndani zaidi, laini zote nne za msafara zilinyamaza, na kwa hilo tulikuwa tumejiandaa. Ramani zilikuwa kwenye simu tayari: ya Google tuliyoihifadhi Dar, na ya Organic Maps inayotumia ramani huru ya OpenStreetMap. Kwa vijiji vya Tanzania nimeizoea sana hii ya pili. Tangu 2015 watu wa kujitolea wa Crowd2Map wamekuwa wakichora vijiji na njia ambazo hazikuwa kwenye ramani yoyote, na watu wa Ramani Huria walifanya kazi kubwa kama hiyo Dar kwa ajili ya mafuriko. GPS haihitaji intaneti, inasikiliza setilaiti tu. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani, na hiyo ukishaipakua unayo. Mlinzi wa hifadhi getini alituambia muda wa kurudi, tukamwachia namba ya gari. Katika mahali pasipo na mnara, mtu anayejua uko wapi na utarudi saa ngapi ndiye mtandao wako.

Mpanda tuliingia jioni, mji wenye pilikapilika, na laini zote zikaamka kwa pamoja zikilia kwa jumbe zilizokuwa zimekwama. Kutoka hapo kwenda Uvinza ni miombo, kilomita kwa kilomita, na ndipo nilipouelewa vizuri mtandao wa simu wa nchi hii: unafuata watu, haufuati barabara. Unaweza kwenda muda mrefu kwenye barabara nzuri bila kijiti hata kimoja, kisha mtandao unajaa ghafla, na ukiangalia unaona mashamba, shule, watu wengi. Ilikuwa hivyo tulipokaribia makazi ya Mishamo, yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Watu wako, mnara upo. Mahali pasipo na watu wa kununua vocha, kampuni haiweki mnara kwa hiari yake. Ndiyo maana kukawa na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaoziongezea kampuni fedha ili zifike vijijini kusiko na faida ya haraka. Nimesoma watu wakiubeza mfuko huo. Mimi niliyepita kwenye miombo ile na mama mkwe mwenye kisukari kwenye gari la nyuma nautaka uongezewe.

Maana huko msituni Hiace ilipasua tairi. Shemeji alibadilisha mwenyewe, lakini hakuwa na namna ya kutujulisha, na sisi hatukuwa na namna ya kumwuliza. Tulikuwa tumesimama kwenye mnara wa kwanza kama kanuni inavyosema, dakika zinakwenda. Mnara wa 2G kwa mpangilio wake wa kawaida hauvuki kilomita 35 hata kama nchi ni tambarare, na kwenye vilima na miti ni chini ya hapo sana. Mume wangu alikuwa ameshageuza gari kurudi nyuma ujumbe ulipoingia. Walikuwa wamefika kwenye ukingo wa mawimbi ya mnara wetu, na ile simu ya tochi ya shemeji, si zile kubwa, ndiyo iliyoshika. Mama mkwe alikuwa amekula, amepata dawa, anataka kujua kama tumeona nyani.

Kigoma tulifika na siku za kutosha kabla ya harusi. Nilikuta watu wananiuliza nimetumia bando gani njia nzima, kana kwamba jibu ni jina la kampuni. Niliwaonyesha karatasi. Wengine waliipiga picha. Bibi harusi mtarajiwa, mwalimu, akaniongezea maelezo ya barabara ya Kasulu kwa sababu ndiko anakofundisha.

Kurudi tuliamua kupitia Kasulu, Kibondo, Kakonko na Nyakanazi. Siku moja kabla ya kuondoka, shemeji alikwenda stendi kuongea na madereva wa mabasi, akarudi na nyuma ya risiti iliyojaa mwandiko wa watu tofauti: wapi laini ipi, wapi usiku usijaribu, wapi mnara unazima jua likizama kwa sababu betri zake zimechoka. Nilinunua kifurushi cha wiki kwenye laini iliyoandikwa mara nyingi zaidi kwenye risiti ile, nikaiingiza kwenye rauta. Iliyotufikisha Kigoma nikaihamishia kwenye simu ya shemeji, kwa kuwa safari hii Hiace ndiyo itakayotangulia.